Mstari Uliotangulia

Wamboi alikuja Alhamisi, na siku yake ilikuwa Jumamosi. Zainab aliona hilo kabla ya salamu. Aliona pia kwamba mama huyo amevaa viatu vya kanisani.

"Habari ya asubuhi, Cucu," alisema, kama Wakikuyu wanavyomwita bibi.

"Mzuri. Nipigie ile barua ya mwisho kwa karatasi, ile ya kukubali. Kesho bodi ya ardhi inakaa saa nne. Githae amesema bila karatasi ya ndugu yake hawataniruhusu kutia kidole."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja Makongeni, Thika, kati ya fundi wa viatu na duka la unga. Kompyuta tatu, laini moja ya simu, kibao mlangoni: BARUA NYUMBANI. Wazazi walikuja wakasema, Zainab akaandika. Watoto waliokuwa ng'ambo walijibu, Zainab akasoma. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kazi hii aliifanya tangu mjomba wake Idarous alipofungua ofisi, miaka mitatu sasa.

Alifungua sanduku la Wamboi kwenye skrini, akasoma kwa sauti kama alivyosoma Jumamosi.

"Mama mpendwa. Natumaini hujambo. Kuhusu shamba la Witeithie, nimekubali ndugu yangu Githae aliuze. Mimi sitarudi kuishi huko. Wako, Kang'ethe."

"Rudia hapo mwanzo."

"Mama mpendwa."

"Hizo za mama mpendwa zimekuwa ngapi?"

Zainab alihesabu. "Tisa, Cucu."

"Tisa." Wamboi aliketi, mkoba mapajani. "Wewe unajua huyo kijana nilimpa jina la baba yangu mzazi. Tangu ajue kuongea mimi namwita baba, yeye ananiita mwanangu. Akiwa darasa la tatu alikuwa anatoka shule, anasimama kwa mlango na kaptura imepasuka, ananiuliza, 'Mwanangu, umekula?' Majirani wanakufa na kicheko. Barua zote ulizonisomea zilikuwa zinaanza hivyo. Ama nadanganya?"

"Hudanganyi. Zote."

"Halafu siku moja, mama mpendwa. Kama mtu anaomba kazi ya ukarani."

"Labda Amerika imemfundisha adabu."

"Imemfundisha kunisahau." Akafungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Ni sawa. Githae amenitafutia chumba huko Mwihoko. Kimoja. Choo ni cha watu kumi na wawili. Kaburi la mzee wangu, hao watu wa petroli wanaonunua shamba watalizungushia waya, wamesema hawatalimwagia simiti. Nipigie hiyo karatasi niende."

Zainab aliitazama printa. Ilikuwa na wino wa kutosha wiki mbili.

"Cucu, wino umeisha. Jioni nitakuletea mwenyewe mpaka Witeithie."

Wamboi aliiangalia printa, kisha akamwangalia yeye. "Ni printa haina wino, ama ni wewe uko na maneno?"

"Nipe mpaka jioni."

Alipoondoka, Zainab alivuta kiti mbele ya kompyuta namba mbili, akapiga simu ya modemu kwenda kwa seva. Seva, ile kompyuta iliyoweka barua zote, ilikaa tawi la Mwihoko, Ruiru. Programu yenyewe ilikuwa ya Mjomba Idarous. Alikuwa fundi wa simu miaka kumi na tisa kabla ya kuachishwa, na aliijenga kama alivyozoea simu. Katikati kuna kazi moja tu, kupokea anayekuja na kumwonyesha njia. Kazi nyingine zote ni za plagini, programu ndogo zinazochomekwa pembeni, kila moja na anwani yake. Ukiandika /picha unapelekwa kwa plagini ya picha. Ukiandika /barua unapelekwa kwa plagini ya barua. Ukiongeza jina la mtu, unafunguliwa sanduku lake.

Zainab alianza na jambo dogo. Mashine huweka nakala ya ukurasa wa zamani, ikakuonyesha hiyo badala ya kwenda kuuliza upya. Alizifuta nakala zote, akaizima mashine, akaiwasha. Akaandika /barua/wamboi. Mama mpendwa.

Akaandika /picha/wamboi. Kang'ethe alitokea amesimama kwenye theluji na koti la kuazima, mikono ya koti haimfiki kwenye vifundo. Hapo njia ilikuwa nzima. Akaandika /barua/gathoni. Gathoni alikuwa mwalimu wa nasari, jirani wa Wamboi kule Witeithie, na binti yake alikuwa Uingereza. Hakufungua barua za watu. Aliangalia tu mlango, ukurasa wa mbele wa sanduku, kama ni ule wa siku zote. Ulikuwa ule ule.

Basi plagini ya barua ni nzima, na Wamboi anajulikana kwenye seva. Kinachosumbua ni vitu hivyo viwili vikikutana.

"Umeigombanisha na nani mashine yangu?"

Mjomba Idarous alikuwa mlangoni, kofia ya vito kichwani, kalamu nyekundu sikioni. Mkononi alikuwa na karatasi ya mteja. Aliiweka mezani, akaisahihisha akiwa amesimama. "'Hiyo kitu nilituma.' Kitu hicho! Kitu hicho nilichotuma! Lini watu wa Thika watajifunza kusema?"

"Shikamoo, Mjomba. Sanduku la Cucu Wamboi lina shida."

Kalamu haikusimama. "Shida gani?"

"Sijui bado. Barua zimebadilika."

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Tisa."

"Mwezi wa tisa, mwaka wa tisini na tisa. Redio imesema tangu wiki jana, leo kompyuta zinashikwa na wazimu duniani kote, zikiona tisa nyingi hivyo. Izime ipumzike. Mpigie mama wa watu karatasi yake, aende zake."

"Sawa, Mjomba."

Akarudisha kalamu sikioni, akatoka kwenda kunywa chai. Zainab aliandika kwenye daftari lake: *Wazimu ni wa leo. Mama mpendwa ni ya Julai.* Akapiga mstari chini.

Kulikuwa na ukurasa mmoja ambao hakuutumia sana, /orodha. Ulikuwa wa ofisi, kuonyesha kila sanduku lina barua ngapi mpya. Plagini ya orodha haikupita mlango wa barua. Ilihesabu moja kwa moja kutoka stoo, mahali barua zenyewe zinapokaa. Alishuka na kidole kwenye skrini mpaka herufi ya W.

*Wamboi: barua 9 hazijafunguliwa.*

Aliketi akiitazama. Jumamosi tisa alikuwa amefungua barua moja kila wiki, akaisoma kwa sauti, mama amekaa hapo hapo kwenye benchi. Na stoo inasema tisa hazijaguswa na mtu.

Alizima mashine, akafunga ofisi, akautia ufunguo kwenye kamba yake.

*

Tawi la Mwihoko lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la gesi. Ciku, aliyelinda seva, alikuwa na diploma, na kila aliyeingia humo alielezwa.

"Niaje, Zai. Umekuja kuona vile watu wamesoma wanafanya kazi?"

"Poa. Nimekuja unifungulie faili ya njia."

"Hiyo si sufuria ya githeri, haifunguliwi ovyo."

"Huifungua nani?"

"Mimi na mzee." Ciku alifikiri. "Na wewe. Mzee alisema uwekwe. Lakini sijawahi kukuona ukiigusa."

"Sijawahi."

Zainab hakuketi. Aliangalia dirishani. Chini, ng'ambo ya barabara ya vumbi, mwanamume mnene alikuwa amesimama nje ya ploti ya mabati akipiga mswaki, mchana mchana.

"Yule si Githae?"

"Ni yeye, Githae wa makelele. Hukujanga hapa kunipigia stori, ananiita wife. Mimi namwambia wife ako na diploma, wewe uko na mswaki."

"Huja kufanya nini?"

"Si nimekuambia. Stori."

"Stori za shamba?"

Ciku aliacha kucheka. "Zai, unaniuliza kama mtu anaandika statement ya polisi."

"Sanduku la mama yake limeharibiwa. Aliyeliharibu amegusa seva. Seva inalindwa na wewe, na mtoto wake anakuita wife."

"Woi! Kwa hivyo ni mimi?" Ciku alivuta kibodi kwa hasira. "Kuja. Keti hapa. Tufungue, uone mwenyewe, halafu uniombe msamaha mbele ya hii seva."

Faili ilikuwa fupi, mistari kama ishirini. Zainab aliijua bila kuiona, kwa sababu Mjomba alimfundisha kwa punje za maharagwe mezani. Anwani inapoingia, seva inaanza mstari wa juu inauliza, ni yako? Kama si yake inashuka. Wa kwanza kusema "ni yangu" anachukua, na wa chini hawaulizwi tena. Anayetangulia ndiye anayejibu, Mjomba alizoea kusema. Hata kwa simu.

Ciku aligonga skrini na ukucha. "Hapa. Kila kitu cha /barua kinaenda kwa plagini ya barua. Iko sawa."

"Huo ni mstari wa ngapi?"

"Wa saba."

"Panda juu."

Ciku alipanda. Juu kabisa kulikuwa na mstari mmoja peke yake:

*/barua/wamboi → jaribio*

"Jaribio ni nini?"

"Ni plagini ya kupimia vitu. Inafanana na ya barua, sura ni ile ile, lakini haina stoo. Chochote unaandika ndani kinakaa hapo hapo." Ciku akajipigia hesabu. "Kwa hivyo mtu akisema wamboi, anashikwa hapa juu. Hafiki namba saba."

"Na yale ambayo Cucu amekuwa akisema, nikamwandikia mtoto wake?"

Ciku alifungua jaribio. Yalikuwepo, yote tisa, pamoja na salamu na habari za ng'ombe aliyezaa. "Hazijawahi kutoka Ruiru," alisema.

"Angalia nani aliuweka huo mstari."

Seva ilikuwa na kumbukumbu ya kila badiliko. Ciku aliandika amri, akasoma, kisha akasukuma kiti chake nyuma polepole.

*6 Julai 1999, 10:40. Aliyehifadhi: zainab. Kutoka: Makongeni 1.*

"Hii ni jina lako."

"Naliona."

"Wewe ndio unamsomeanga barua. Paswadi ni yako. Ningekuwa polisi, Zai, saa hii uko na pingu."

"Ungekuwa polisi ungeuliza tarehe. Sita Julai, siku moja kabla ya Saba Saba. Kumi na dakika arobaini ya kizungu ni saa nne na dakika arobaini asubuhi. Mimi nilikuwa wapi?"

Ciku alifungua mdomo. Akatazama ukuta, halafu sakafu, penye tone la rangi ya kijani ambalo hakuna aliyeweza kulikwangua.

"Ulikuwa hapa. Tulikuwa tunapaka rangi. Ulimwaga hiyo."

"Niliimwaga mimi."

"Sasa Makongeni namba moja ni mashine ya nani?"

Zainab alikuwa akinakili mstari ule kwenye daftari, herufi kwa herufi. Alimaliza, akafunga kalamu.

"Weka alama ya reli mbele yake."

Alama ya reli, ile ya mistari minne iliyokatana, ikiwekwa mwanzo wa mstari, seva iliuruka kama haupo. Ciku aliiweka. Zainab aliandika /barua/wamboi. Ukurasa ulikuja ule ule, rangi ile ile. Zilikuwamo barua tisa mpya, na juu ya kila moja nyota ya kuonyesha haijasomwa.

Alifungua ya mwisho.

*Mwanangu Wamboi,*

*Hii ni ya tisa na hujibu. Nilimpigia Githae kwa simu ya duka, akasema unaumwa macho hutaki barua. Macho yanamzuiaje mtu kusomewa? Kama kuna anayekuambia nimekubali kuuza, muulize nilikubali kwa mdomo gani. Usitie kidole mahali. Karatasi ya shamba iache pale pale, ndani ya chupa ya chai iliyovunjika, nilipokuona ukiiweka siku tuliyomzika mzee. Wengine hawakuona, mimi niliona. Mimi ni baba yako na bado nakuuliza, umekula?*

Ciku alipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Na zile za uongo? Nani alimsomea?"

"Mimi. Zote." Zainab alinyoosha mkono kwenye printa. "Chapa hizi tisa. Chapa na kumbukumbu ya badiliko, halafu andika kwa mkono wako tulikuwa wapi siku hiyo, utie sahihi. Ukimaliza, ondoa reli."

"Niondoe? Cucu arudi kwa uongo?"

"Ukirekebisha mlango, mwizi anajua umeamka. Nipe saa mbili."

Mlangoni aligeuka. "Ciku. Nisamehe."

"Nitafikiria. Mtu wa diploma hasamehi haraka hivyo."

*

Idarous alikuwa amerudi Makongeni. Alikuwa kwenye mashine namba moja, kikombe cha kahawa pembeni, akisafisha miwani kwa pindo la kanzu. Zainab alifunga mlango wa nusu, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Umefunga ofisi mchana," alisema Mjomba.

"Nilienda Mwihoko. Shida ya Cucu Wamboi nimeiona."

"Ni nini?"

"Ni mtoto mwenyewe. Watu wakikaa huko wanabadilika."

Mabega ya mjomba yalishuka kidogo. "Si nilikuambia. Dunia ndivyo ilivyo."

"Hata lugha yake imebadilika. Siku hizi anaandika Kiswahili safi. Nukta mahali pake, kila kitu. Zamani alikuwa na makosa mengi mpaka nilikuwa naona haya kusoma."

"Makosa? Yale ni matusi kwa lugha!" Idarous alivaa miwani. "Mtu mzima na ndevu zake, amwandikie mama aliyemzaa, 'mwanangu'. Hata mtoto wa chuoni hawezi kukosea hivyo. Mwana ni nani na mama ni nani, kama hilo pia…"

Akakoma. Upande wa pili wa ukuta fundi wa viatu alikuwa akigonga msumari, akagonga mara nne, akaacha.

"Umeisoma wapi, Mjomba?"

"Wewe uliniambia."

"Siku ya kwanza uliniapisha kwa msahafu. Barua ya mtu haitoki kwenye benchi hili, hata kwako. Sijawahi kukuambia barua ya mtu yeyote."

"Basi yule mama. Watu huongea."

"Yule mama angekuambia, angekuambia na sababu yake, kwa sababu hawezi kuisema bila kucheka. Kang'ethe ana jina la babu yake mzaa mama. Kwa Wakikuyu yeye ni baba wa mama yake. Hakukosea. Githae angekuwa ndiye ameandika zile barua asingeandika mama mpendwa, maana amekua akilisikia hilo neno nyumbani. Aliyeandika amepewa maneno ya shamba tu, na mengine akajaza mwenyewe. Alifungua barua za zamani ili aige, akaona 'mwanangu', akadhani ni kosa." Akaitazama kalamu nyekundu sikioni. "Akalisahihisha."

Akaweka karatasi ya kumbukumbu mezani. Idarous aliisoma bila kuigusa.

"Hapa jina ni lako," alisema.

"Na mashine ni yako."

"Mashine inakaliwa na yeyote. Jina ni lako, Zainab. Na wewe ndiye uliyesoma. Ukienda kwa chifu na maneno haya, atamwamini nani, mimi au msichana wa darasa la nane?"

"Ciku ameshaandika. Saa hiyo nilikuwa Mwihoko na brashi ya rangi. Paswadi yangu nilimpa mtu mmoja duniani. Aliniambia sisi ni nyumba moja, hatufichani."

Idarous alichukua kikombe, akakuta kimeisha, akakirudisha. Aliposema tena, sauti ilikuwa ile ya punje za maharagwe.

"Sikiliza, mwanangu. Wenye petroli watamwachia Githae kona ya mbele, barabarani kabisa. Naye kanipa mimi. Unajua watu wangapi wanapita Witeithie kwa siku? Milango miwili ya ofisi. Mmoja ungekuwa wako. Jina lako juu ya mlango."

"Jina langu umeshaliweka mahali."

"Yule mama ni mzee. Shamba lile lingeuzwa leo au kesho."

"Kwa nini hukutumia jina lako, Mjomba?"

Zainab alingoja. Kungoja alikujua, ni kazi aliyoifanya kila siku kwenye kiti kile, mtu akitafuta neno la kumwambia mtoto wake.

"Ingejulikana, mimi ningefungwa," alisema mwishowe. "Wewe ni mtoto wa kike, huna kisomo. Wangesema hakujua alichokuwa akifanya. Wangekusamehe."

Zainab aliinuka. Alitoa ufunguo wa ofisi kwenye kamba yake, akauweka juu ya karatasi ya mteja, penye wekundu wa *kitu hicho*.

"Nimempigia Ciku simu kutoka kwa duka la unga kabla sijaingia," alisema. "Saa hii mstari umeshatolewa. Anayetangulia ndiye anayejibu."

*

Jua lilikuwa bado juu ya matangi ya maji alipofika Witeithie. Wamboi alikuwa akikamua. Alimaliza chuchu zote nne kabla ya kugeuka.

"Umeleta karatasi yangu?"

"Nimeleta tisa. Keti, Cucu."

Alimweleza kwa maneno mafupi, bila kuficha yake. Mlango uliwekwa mbele ya mlango. Barua za Kang'ethe zilikuwa zikifika, na za kwako hazikutoka. Waliofanya hivyo ni Githae na mjomba wangu. Na sauti iliyokusomea uongo ni hii hii. Wamboi alisikiliza akiwa ameshika ndoo kwa mikono miwili, maziwa yakipoa. Zainab alipoanza kusoma ile ya mwisho, "Mwanangu Wamboi," Wamboi aliinua mkono.

"Ngoja. Jumamosi tisa umenisomea kwa sauti hiyo hiyo."

"Ndiyo."

"Na neno hilo la mwanangu ulikuwa unalijua. Mtu angetaka kunidanganya mara ya kumi angeanza na hilo."

"Ndiyo, Cucu."

"Basi nipe nipeleke kwa Gathoni anisomee yeye. Usikasirike."

"Sikasiriki."

Wamboi alichukua karatasi, akapita kwenye pengo la ua wa miiba ya kaiyaba. Zainab alibaki na ng'ombe. Nyumba ya Gathoni ilikuwa ya mbao, na mwalimu wa nasari husoma kwa sauti ya kumfikia mtoto wa nyuma. Maneno yalikuja yote. *Hii ni ya tisa na hujibu.* Yalikuwa yale yale aliyoyabeba kutoka Ruiru, kwa mdomo wa mtu mwingine. *Muulize nilikubali kwa mdomo gani.* Yalipofika kwenye chupa ya chai, Gathoni aliacha kusoma, akauliza, "Chupa gani?" Mlango ulifunguka.

Wamboi alipita mbele ya Zainab bila kumtazama, akaingia jikoni kwake. Alitoka na chupa ya zamani ya maua mekundu, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliitikisa sikioni. Ndani kilisikika kitu chepesi, kikavu, kikigonga vigae vya kioo.

"Hii hata Githae haijui," alisema. "Wewe pia usingeijua."

"Sikuijua."

"Kesho nitaenda. Nataka Githae aseme maneno yake mbele ya bodi, mimi nikimwangalia. Halafu nitarudi na chupa yangu." Akakaa kwenye kizingiti, chupa katikati ya magoti. Baada ya muda akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja. "Huyo mjomba. Ndiye mwenye nyumba unayolala?"

"Ndiye. Amenilea tangu nikiwa na miaka sita."

"Alikuwa anakupiga?"

"Hapana. Alinifundisha kazi."

Zainab aliketi, akafuta macho kwa kiganja. Ng'ombe aliangusha kopo la pumba, akaanza kulilamba chini. Upande wa barabara injini ya lori ilizima, mtu akashuka akipiga kelele za salamu kwa majirani, sauti nene, ikisogea. Wamboi aliitambua kwanza. Alikaza mpira wa baiskeli kwenye kifuniko, mizunguko miwili zaidi.

"Usilie," alisema. "Wako ni mjomba. Wangu nimemzaa."